Waraka kwa Mchungaji Jirani: Kuhusu Dinosaria na Tikiti Maji

Mchungaji mpendwa,

Naanza na shukrani, maana ndivyo tulivyolelewa. Semina ya watoto uliyoiendesha likizo iliyopita, pale kwenye turubai lako karibu na njia ya kushukia baharini, ilikuwa jambo jema. Wajukuu wangu walikula wali na nyama bila kutozwa senti, wakafundishwa kusalimia, na jioni walirudi nyumbani wakiimba badala ya kupigana. Nakushukuru pia kwa habari ya spika. Tangu mjumbe alipokuja kukujulia hali, zinazimwa saa nne usiku, nasi tulio upande unakoelekea upepo tumeanza tena kusikia mawimbi. Mtu akiniuliza kama Mbweni bado kuna ujirani, nitakutaja wewe.

Ninalotaka kukuandikia leo linahusu tikiti maji.

Mjukuu wangu wa kike alirudi na karatasi ya kupaka rangi. Yumo Adamu, amesimama nyuma ya kichaka kwa adabu; yumo Hawa na nywele zake ndefu; na pembeni yao yumo Tyrannosaurus, amekumbatia tikiti kwa vile vimikono vyake vifupi na kulitafuna huku anatabasamu. Binti amempaka kijani, tikiti jekundu, na meno ameyaacha meupe, yote, moja baada ya jingine. Nikamuuliza meno mengi hivyo ya nini kwa tunda laini kama lile. Akanijibu kwa upole wa mtu anayemwelekeza mzee: zamani, kabla ya dhambi, wanyama wote walikula majani na matunda, na meno yale marefu yalikuwa ya kupasulia nazi. Mchungaji ndiye aliyesema.

Nazi, Mchungaji! Ungeyasema haya Dodoma ningenyamaza. Lakini wewe unakaa Mbweni, nyuma ya nyumba yako imesimama minazi, na kijana wako wa shamba nimemwona kwa macho yangu akifua nazi kwa kifuo, ametanua miguu, jasho linamtoka. Unajua kabla ya kufika kwenye kifuu kuna kazi gani ya kuondoa makumbi. Mnyama wa tani kadhaa mwenye vimikono visivyofika hata kinywani, nani angemfulia?

Nisieleweke vibaya. Sikuandikii ili nikuvue imani. Kwamba Mungu ndiye aliyeumba mbingu na nchi, hilo ni langu kama lilivyo lako. Mimi ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, na miaka niliyofundisha biolojia sekondari haikuniondoa kwenye benchi langu. Kuna maswali ya kupigia magoti. Ila swali la mnyama fulani alikula nini ni swali la meno, tumbo na mavi, nalo hujibiwa kwa kuinama na kuangalia.

Mjukuu wa kiume, aliye darasa la sita, alinirushia silaha nyingine uliyompa: “Babu, kwani ulikuwepo?” Swali hilo nalifahamu, na aliyelieneza namfahamu kwa jina. Ni Ken Ham, Mwaustralia aliyejenga jumba la makumbusho ya uumbaji huko Petersburg, Kentucky, lililofunguliwa mwaka 2007. Huko ndiko watoto wanakofundishwa kumuuliza mwanasayansi kama alikuwepo, na huko ndiko dinosaria wote walikoandikishwa kuwa wala majani mpaka siku ya Adamu kuanguka. Nilimjibu kijana kwamba sikuwepo. Mchungaji naye hakuwepo, wala bwana wa Kentucky. Kisha nikampeleka jikoni.

Siku hiyo bibi yake alikuwa amechinja jogoo wa kienyeji, yule mkorofi aliyekuwa akivuka ua na kuchakura bustani yako ya mchicha. Nikaomba firigisi. Tukaipasua kwa kisu kidogo, tukabandua ile ngozi ya njano ya ndani, na kijana akamwaga vilivyomo kwenye sahani: punje za mahindi zilizovimba, changarawe, kipande cha chupa ya kijani kilicholainika kingo mpaka hakikati, mabawa magumu ya mende, na mwisho mkia wa mjusi, mzima, na magamba yake. Nikamuuliza, “Ulimwona jogoo akimla mjusi?” Akasema hakumwona. “Ulikuwepo?” Akacheka. Elimu yote ya chakula cha wanyama wa kale imejengwa juu ya sahani ile, ingawa sahani za wataalamu ni kubwa zaidi na vilivyomo vimegeuka mawe.

Sasa nikupeleke Lindi. Inanisikitisha kidogo kwamba semina yako ilifika Kentucky bila kupita Lindi, wakati basi la Lindi unalipanda asubuhi, linashika Barabara ya Kilwa, linavuka Rufiji, na jioni umefika. Kaskazini-magharibi ya mji huo, mwendo wa kilomita kama 60, kuna kilima kinachoitwa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliandika taarifa ya mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza juu ya ardhi huko, mifupa ambayo wenyeji walikuwa wakipita kando yake. Mwaka uliofuata akaja Profesa Eberhard Fraas kuitazama, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaendesha pale uchimbaji ambao ulimwengu haukuwa umeona mfano wake Afrika. Walioongoza kwa cheo ni Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Walioshika majembe ni Wamwera na wenzao, mamia kwa mamia, katika nchi iliyokuwa imetoka juzi tu kwenye Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kutenganisha mfupa na jiwe kuliko wengi waliokuja na shahada. Mifupa ilifungwa kwa plasta, udongo na mianzi, ikabebwa vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka kwa njia hiyo, na baadhi ya vifurushi vya mianzi viko Berlin hadi leo. Ni mwaka 2007, mwaka uleule wa jumba la Kentucky, ambapo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kumkumbuka Boheti: Australodocus bohetii.

Kwa hiyo uliposema mbele ya watoto kwamba dinosaria ni “mambo ya Wazungu”, nilisikitika kwa niaba ya wale wapagazi. Kentucky nako, nikukumbushe tu, si Kisarawe.

Na hapa nikupe habari njema, maana wewe ni mtu wa Habari Njema. Tendaguru ulikaribia kupatia. Mifupa mingi mno iliyotoka kule ni ya wala majani. Yule mkubwa kuliko wote, Giraffatitan, amesimama Berlin kwa urefu wa mita 13.27, na wabunge wetu wamewahi kuuliza bungeni lini atarudi nyumbani. Alikuwa mla majani. Dicraeosaurus naye mla majani, meno yake membamba yamepangwa mbele ya mdomo. Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, mla majani. Dysalotosaurus, wadogo wepesi waliopatikana wengi mahali pamoja, nao wanahesabiwa upande huohuo. Ungesema tu kwamba “dinosaria wengi wa Tanzania walikula majani”, ningekupigia makofi kutoka kibarazani.

Lakini majani gani? Miaka takriban milioni 150 iliyopita Tendaguru ilikuwa pwani. Bahari ya kina kifupi, matope yanayobaki wazi maji yakitoka, chaza na kombe tele, na nyuma yake nchi kavu yenye misitu. Chavua iliyobaki ndani ya mawe inaonyesha kwamba misitu hiyo ilitawaliwa na miti ya jamii ya misonobari, na chini yake makangaga na mimea ya aina hiyo. Mnazi haukuwepo. Mwembe haukuwepo, wala mgomba, wala mpunga, wala hilo tikiti. Nyasi zenyewe zilichelewa sana: mwaka 2005 zilipatikana chembe za nyasi katika mavi yaliyogeuka mawe huko India, lakini hao ni dinosaria wa mwisho mwisho kabisa, zaidi ya miaka milioni 70 baada ya wale wa Lindi. Kama unataka kuwaonyesha watoto mmea wenye ukoo wa enzi zile, wapeleke getini kwako. Ile mitapo miwili uliyopanda kulia na kushoto, ambayo mafundi wako huipogoa vibaya kila Krismasi, ni ya ukoo uliokuwepo wakati Giraffatitan anatembea. Pengine hakuipenda sana. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio la kuvundika majani ya koo hizo za kale katika maji ya tumbo la kondoo, ili waone yanatoa lishe kiasi gani. Mitapo ilikuwa ya mwisho mwisho. Baadhi ya misonobari ilikuwa chakula kizuri kuliko walivyotegemea.

Yatazame pia mawe. Janensch aliandika mwaka 1929 juu ya mawe laini yaliyookotwa pamoja na mifupa ya Tendaguru, akiyahesabu kuwa mawe ya tumboni, kazi yake kama changarawe za jogoo wangu. Kwa miaka mingi vitabu vikasema majitu yale yalisaga chakula kwa mawe. Mwaka 2007 watafiti wawili, Oliver Wings na Martin Sander, wakalinganisha na firigisi za mbuni na kuona kwamba hesabu haikubali: mawe ni machache mno, na hayakusuguliwa inavyotakiwa. Basi vitabu vikarekebishwa. Hakuna aliyetengwa na kanisa lake kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye meno. Najua jibu lako, maana mjukuu amelileta nyumbani likiwa zima: popo ana meno makali, na popo anakula matunda. Ni kweli tupu. Kila usiku wanagombania kungu nyuma ya nyumba yangu, asubuhi mimi nafagia kokwa. Hoja hii ni bora kuliko zote ulizotoa, na ndiyo maana hakuna mtaalamu makini anayetazama ncha ya jino akafunga daftari. Anageuza jino na kutazama makali yake, kama ni laini au yana vijino vidogo vya kukerezea nyama. Anatazama lilivyolika, maana jani humkwangua mlaji kwa namna yake na mfupa kwa namna yake. Anapima taya. Kwa Tyrannosaurus makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalitoa nguvu ya kuuma ya kati ya nyutoni 35,000 na 57,000, nguvu ya kupasua mifupa. Kisha anatafuta tumbo, na akikosa tumbo anatafuta kilichotoka tumboni.

Hapo niwie radhi, lakini umri wangu unaniruhusu. Mwaka 1998 Karen Chin na wenzake walieleza juu ya bonge la mavi lililogeuka jiwe, lililopatikana Saskatchewan nchini Kanada, katika mawe ya enzi ya Tyrannosaurus, na kwa ukubwa wake hakuna mla nyama mwingine wa pale anayelistahili. Lilikuwa na urefu wa sentimita 44 na ujazo wa lita zaidi ya mbili. Limejaa vipande vya mifupa vilivyovunjwavunjwa, mifupa ya dinosaria kijana, mla majani. Mchungaji, mavi hayana dhehebu. Hayakuwekwa pale ili kumuudhi mlokole wala kumfurahisha mpagani. Yamebeba alichokula mwenyewe.

Na kama mavi yanakukwaza, kuna ushahidi msafi zaidi. Mwaka 2013 ilielezwa mifupa miwili ya mkia wa dinosaria mwenye domo la bata, kutoka South Dakota, iliyoungana kwa kidonda. Katikati yake kumenasa ncha ya jino la Tyrannosaurus, na mfupa umeota kulizunguka. Maana yake mnyama yule aliumwa akiwa hai, akachoropoka, akaishi muda wa kutosha kupona, na jino la adui yake akalibeba mkiani mpaka kufa kwake. Alberta nako, mwaka 2023, walitangaza Gorgosaurus kijana ambaye ndani ya tumbo lake kulikutwa miguu ya nyuma ya dinosaria wadogo wawili. Mbegu za tikiti sijasikia zimepatikana.

Hapa kwetu, mtazame Kentrosaurus wa Tendaguru. Ana miiba mirefu kiunoni na mkiani, na mkia wenyewe ulikuwa na uwezo wa kuchapa kwa nguvu upande hadi upande. Kama jirani zake wote walikuwa wanachuma majani kwa amani, ile silaha yote alimbebea nani? Meno ya wala nyama pia yamo Tendaguru, machache, yenye makali yanayokereza. Nchi yenye wala majani elfu haikosi mwenye njaa mmoja.

Utasema: hayo yote ni baada ya dhambi. Nilitegemea utasema hivyo, na ndipo ninapoona hoja inakugeukia. Maana kama meno na taya zile zilikuwepo tangu siku ya sita, basi Muumba alimpa mla tikiti vyombo vya bucha, vikakaa bila kazi vikimngoja Adamu akosee. Na kama vilibadilika baada ya kosa, basi kulikuwa na uumbaji wa pili: makucha mapya, matumbo mapya, sumu ya nyoka, utando wa buibui, macho ya mwewe. Kazi kubwa hivyo, na Mwanzo haina hata mstari mmoja unaoitaja. Wewe unayetuhimiza tusiongeze neno kwenye Maandiko umeongeza juma zima.

Na Maandiko yenyewe hayako upande wako kama ulivyowaambia watoto. Mwanzo 1:30 inasema Mungu aliwapa wanyama mimea kuwa chakula; sawa. Lakini ufungue na Zaburi ya 104, mstari wa 21, ambapo wanasimba wananguruma wakitaka mawindo, na chakula hicho wanakitafuta kwa Mungu mwenyewe. Ile ni zaburi ya sifa. Mtunzi hamlilii swala, anastaajabia utaratibu. Ayubu 38 nayo inamuuliza Ayubu kama ni yeye anayemwindia simba jike. Paulo katika Warumi 5 anazungumzia kifo kilivyowafikia watu. Dinosaria hakuwaweka kwenye hesabu. Na simba wa Isaya anayekula majani kama ng'ombe ni wa siku zijazo, zawadi ya amani ambayo bado tunaingoja.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye hakumjua dinosaria hata kwa picha na aliyefariki mwaka 1274, alilijadili jambo hili katika Summa yake. Akaona si jambo la akili kusema kwamba simba na vipanga, ambao asili yao ni kula nyama, waliwahi kula majani kabla Adamu hajakosea. Dhambi ya binadamu haikubadilisha maumbile ya wanyama. Miaka zaidi ya 700 kabla ya jumba la Kentucky, bila darubini wala plasta, yule mtawa alishafika. Najua hamsomi sana watakatifu wetu, lakini huyu anaazimika, ninaye kabatini.

Kuna wakati nakuhurumia, maana umekopa upande ulio dhaifu wa duka. Wapo watu, wa imani yako wakiwamo, waliofunga safari mpaka kinamasi cha Likouala, Kongo Brazzaville, kumtafuta mokele-mbembe, mnyama wa hadithi wanayeamini ni dinosaria aliyesalia. Mwanabiolojia Roy Mackal wa Chicago alikwenda mwaka 1980 na 1981, na baada yake William Gibbons, muumini wa uumbaji wa siku sita, alikwenda akitumaini kupata ushahidi wa kuiangusha elimu ya mageuko. Wenyeji waliwaambia mnyama huyo anakula malombo, matunda ya mtambaazi wa jamii moja na mabungo yetu. Dinosaria wa juisi ya mabungo! Ningempenda sana. Lakini hata angekamatwa kesho akaletwa Feri kwa lori, isingeanguka sayansi yoyote. Silikanti alidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wa Tanga wamewanasa wengi tu nyavuni. Watu walifurahi, wakamwandika kitabuni, na Tanga ikapata hifadhi yake ya bahari.

Kwa wenzetu Kenya ugomvi huu ulikuwa wa watu wazima zaidi. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni dhidi ya namna Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilivyotaka kuonyesha mifupa ya kale ya binadamu, ikiwamo ile ya Kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Sikukubaliana na Askofu, lakini angalau alikuwa anabishania asili ya mwanadamu, jambo zito. Wewe umepigania tikiti.

Sasa nikutendee haki, kwa sababu katika Tendaguru hiyohiyo kuna mnyama mmoja ambaye angekufaa. Anaitwa Elaphrosaurus. Janensch alimpa jina mwaka 1920. Ni wa ukoo wa wala nyama, wa miguu miwili, mwembamba, mwenye mbio. Kichwa chake hakikupatikana, kwa hiyo kwa miaka mingi alihesabiwa mla nyama kwa sababu ya ukoo tu. Kisha China wakapata jamaa yake wa karibu, Limusaurus, aliyetangazwa mwaka 2009, na baadaye ikaonekana jambo la ajabu: watoto wake wana meno, wakikua meno yanatoka yote, wanabaki na mdomo mtupu, na mkubwa anakula mimea. Tangu hapo wataalamu wanajiuliza kama hata Elaphrosaurus wetu hakuwa mla nyama kamili. Huyo hapo, Mchungaji: dinosaria wa Kitanzania, wa nyumba ya wala nyama, ambaye huenda aliacha. Nakupa bure. Ila ona amefikaje kwenye majani. Amefika kwa taya la jamaa yake, kwa mawe ya tumboni na kwa kemia ya mifupa. Hakufika kwa mahubiri.

Watoto wetu wanaweza kubeba vyote viwili, sala na swali. Louis Leakey alizaliwa Kabete, mtoto wa wamisionari, na mwaka 1924, akiwa kijana aliyefikiria kuwa mmisionari, alikuwa Tendaguru pamoja na William Cutler akiwasaidia Waingereza kuanza uchimbaji wao. Cutler alifia Lindi kwa malaria mwaka uliofuata. Leakey aliendelea kuchimba maisha yake yote. Kinachonitia wasiwasi ni yule wangu wa darasa la sita. Ana akili ya kupekua, anafungua kila redio iliyokufa hapa nyumbani. Ukimfundisha kwamba “ulikuwepo?” ni jibu, ataacha kupekua. Na siku moja, akiwa kidato cha nne mbele ya mada ya mageuko, atalazimika kuchagua kati ya mwalimu wake na mchungaji wake, wakati hakuna sababu ya kumweka kwenye njia panda hiyo. Wengine wakichagua mwalimu huondoka na turubai lako moja kwa moja. Hilo silitaki, maana wali ulikuwa mzuri.

Basi ombi langu ni hili. Likizo ya Desemba nipe asubuhi moja na hao watoto. Sitagusa Adamu wala Hawa. Hao ni wako. Nitaleta ramani ya Lindi, picha ya Boheti bin Amrani, na firigisi kadhaa kutoka kwa muuza kuku wa Tegeta, kila mtoto apasue yake. Ile karatasi ya kupaka rangi usiitupe, karatasi ni ghali. Tutaigeuza upande wa pili, wachore wanachodhani Giraffatitan alikiona akiinua kichwa juu ya misonobari. Wakiuliza dhambi iliingiaje, nitawaelekeza kwako. Wakikuuliza wewe mavi yale yaliingiaje, nielekezee mimi.

Projekta ni yako, waya mrefu ninao. Umeme ndio tusiokuwa na uhakika nao, na hilo nadhani tunaweza kuliombea pamoja bila kubishana.

Ni mimi jirani yako, mwenye jogoo, ambaye sasa hayupo tena.